Jatiluwih: Kijiji Ambamo Maji Hugawanywa kwa Zamu

Juma hili twawachukueni mbali, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, hadi Indonesia, nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000. Hatutazungumza juu ya Jakarta na majumba yake marefu, wala juu ya mahoteli ya pwani yanayokimbiliwa na watalii. Tutapanda mlimani katika kisiwa cha Bali, tukakitazame kijiji cha wakulima kiitwacho Jatiluwih. Kijiji hicho si kikubwa, lakini kina somo kubwa kwa kila mtu anayeishi pamoja na wenzake: namna watu wasio na mali nyingi wanavyoweza kugawana kitu kimoja ambacho wote wanakihitaji, pasipo kupigana.

MAHALI PENYEWE

Jatiluwih iko katika wilaya ya Tabanan, kwenye miteremko ya Mlima Batukaru, ambao kimo chake ni meta 2,276. Kijiji chenyewe kiko kiasi cha meta 700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni ya baridi kidogo na asubuhi ukungu hufunika mabonde. Kuanzia karibu na msitu wa mlimani hadi chini bondeni, ardhi yote imekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi ni shamba la mpunga lenye ukingo wa udongo uliofinyangwa kwa mikono. Wakati wa kupandikiza, maji hutulia katika ngazi hizo yakang'aa kama vioo. Mpunga ukikua, mlima mzima huwa kijani kibichi. Ukiiva, hugeuka rangi ya dhahabu.

Kando ya mashamba imesimama minazi, migomba, mikahawa na mianzi. Msomaji wetu akifika huko ataiona migomba hiyo kama jamaa zake, maana asili ya mgomba ni pande hizo za Asia.

NYUMBA NA WATU WAKE

Watu wengi wa Indonesia ni Waislamu, bali wenyeji wa Bali wengi wao ni wafuasi wa dini ya Kihindu. Mji wa familia huzungushiwa ukuta, na ndani yake huwamo nyumba kadhaa ndogo: ya wazee, ya vijana waliooa, jiko, na ghala ya mpunga iliyoinuliwa juu ya nguzo. Kila kitu kina mahali pake kwa kufuata pande mbili, upande wa mlima na upande wa bahari. Upande wa mlima ni wa heshima, na huko hujengwa mahali pa kusalia. Upande wa bahari ndiko kwenye jiko na zizi.

Majina ya watoto nayo yana utaratibu wake. Kwa watu wa kawaida, mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike, huitwa Wayan au Putu. Wa pili Made au Kadek. Wa tatu Nyoman au Komang. Wa nne Ketut. Akizaliwa wa tano, hesabu huanza upya naye huwa Wayan. Lakini tangu mpango wa uzazi wa majira ulipoenezwa nchini katika miaka ya 1970, familia nyingi zimekuwa na watoto wawili tu, na jina la Ketut limeanza kuwa adimu.

Mama ndiye huamka wa kwanza. Akishapika wali huweka punje chache juu ya vipande vya jani la mgomba, akavitandaza jikoni, mlangoni na kisimani, kuwa shukrani, kabla mtu ye yote hajala. Baada ya hapo chakula hufunikwa, na kila mmoja hula kwa wakati wake atokapo shambani au shuleni.

Kitoweo kimoja cha huko kinaitwa urab, nacho si kigumu kwa akina mama wetu kukijaribu. Chemsha kunde za maganda pamoja na mchicha kwa muda mfupi, kisha chuja maji yote. Kuna nazi changa. Kaanga vitunguu saumu, vitunguu vidogo na pilipili mpaka vitoe harufu nzuri, uvichanganye na ile nazi, chumvi na maji ya ndimu, halafu changanya na mboga. Huliwa na wali siku ile ile, kwa kuwa nazi mbichi hailali.

MPUNGA MWEKUNDU

Jatiluwih inasifika kwa mpunga wake wa asili wenye punje nyekundu. Shina lake ni refu, nao hukaa shambani karibu miezi sita kabla ya kuvunwa. Kwa desturi huvunwa suke kwa suke, kwa kisu kidogo kinachofichwa katika kiganja. Wazee husema kwamba Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga, asiuone ukali wa chuma akashtuka. Punje hizo hizo zikikaangwa huchemshwa zikawa kinywaji kama chai.

Familia nyingi za Bali hulima chini ya nusu hekta, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Baada ya mavuno, mchungaji wa bata husimika mti wa mwanzi wenye kitambaa juu yake katikati ya shamba. Bata hushinda hapo pasipo kutawanyika, wakila punje zilizoanguka na wadudu waliobaki, na mbolea yao hubaki shambani. Usiku vijana huenda na taa kuvua mikunga ya maji baridi kwenye matope.

SUBAK, CHAMA CHA MAJI

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Maji yashukayo mlimani ni yale yale kwa mtu wa juu na mtu wa chini. Mwenye shamba la juu anaweza, akipenda, kuziba mfereji usiku mmoja, na mwenzake wa chini akakosa chakula cha mwaka. Ni nini kinachomzuia?

Jibu lake ni subak. Hiki ni chama cha wakulima wote wanaotumia maji ya mfereji mmoja, na asili ya utaratibu huo yatajwa kuwa ni karne ya 9. Mtu huingia katika subak kwa sababu ya shamba lake lilipo, wala si kwa sababu ya kijiji anachokaa. Wanachama humchagua mkuu wao, aitwaye pekaseh, na wana sheria zao ziitwazo awig-awig. Penye njia panda ya mifereji huwekwa gogo lililochongwa mianya, na upana wa kila mwanya, ambao hupimwa kwa vidole, hufuata haki ya kila upande. Aibaye maji hutozwa faini. Asiyefika siku ya kuzibua mifereji hutozwa pia.

Mifereji mikubwa ina mahekalu yake ya maji, na katika mahekalu hayo wakuu wa subak mbalimbali hukutana kupanga nani ataanza kupanda na nani atangoje. Kwa jicho la mgeni huo ulikuwa mkutano wa ibada tu. Kumbe ndani ya ibada ilikuwamo ratiba ya maji ya bonde zima.

MIAKA YA HASARA

Jambo hilo lilijulikana kwa njia chungu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia, iliyokuwa na watu wengi wa kulisha, ilieneza mbegu mpya za mpunga unaoiva upesi, pamoja na mbolea ya chumvichumvi na dawa za kuua wadudu. Nia ilikuwa njema, na mwaka 1984 nchi ilitangaza kwamba imejitosheleza kwa mchele. Lakini huko Bali wakulima walihimizwa kupanda mfululizo, kila mmoja kwa wakati wake, bila ya kungoja zamu ya hekalu.

Matokeo yake ni kwamba hapakuwa tena na wakati ambapo bonde zima lilikuwa tupu. Mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi, afyonzaye maji ya shina la mpunga, akawa na chakula mwaka mzima. Shamba moja lilipovunwa alihamia la jirani, na panya wakafanya vivyo hivyo. Dawa zilipozidishwa ziliua pia buibui na wadudu wengine ambao ndio waliokuwa wakimla adui huyo, na adui akazidi kuongezeka. Msiba huo haukuwa wa Bali peke yake. Java nayo ilipata hasara kubwa. Mwezi wa Novemba 1986 Rais Suharto alitoa amri ya kupiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga, na wakulima wakaanza kufundishwa kumtambua mdudu rafiki na mdudu adui.

Mtaalamu wa Kimarekani wa mila za watu, J. Stephen Lansing, alichunguza habari za mahekalu ya maji na kuzieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1991. Yeye na mwenzake James Kremer walitumia kompyuta kupima hesabu za subak 172 zilizo katika mito miwili, Oos na Petanu. Kompyuta ilionyesha kwamba kila subak ikipanda peke yake, wadudu hushinda. Na subak zote zikipanda siku moja, maji hayatoshi. Mavuno bora yalipatikana pale subak jirani zilipopanda kwa makundi na kupokezana zamu, yaani karibu sawasawa na walivyokuwa wakifanya wazee katika mahekalu yao.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu. Mtu wa juu ana maji, lakini anawaogopa wadudu. Akimnyima maji mtu wa chini, yule wa chini atapanda kwa wakati mwingine, na wadudu wa shamba lake watapanda mlima kuja kula mpunga wa aliyenyima. Wahenga wetu walisema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Mtu wa Jatiluwih aweza kuongeza: mwenzako akikosa maji, mpunga wako nao u hatarini.

ULINZI WA KIJIJI

Mambo mengine ya kijiji huendeshwa na mtaa uitwao banjar. Kila mtu aliyeoa ni mwanachama wake. Mgogo uliochongwa uwazi ndani yake hutundikwa katika mnara, na mlio wake una maana: huu ni wa mkutano, huu ni wa msiba, huu ni wa moto. Ukisikika, watu huitika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyumba moja haiwezi peke yake kubeba gharama za maziko. Kwa hiyo familia nyingi hungojeana wakachoma maiti zao katika sherehe moja.

Ndugu zetu askari watapenda kujua habari za pecalang, walinzi wa desturi, wanaovaa kitambaa cha miraba myeusi na myeupe. Hao ni wanakijiji wenyewe. Kazi yao huonekana hasa siku ya Nyepi, siku ya kimya, ambayo mara nyingi huwa mwezi wa Machi. Siku hiyo hakuna moto, taa, kazi wala safari. Hata uwanja wa ndege wa Bali hufungwa kwa saa 24. Pecalang hupita kwa miguu katika giza, na amri yao hutiiwa. Serikali nayo ina watu wake vijijini. Jeshi la Indonesia huweka askari wa kushughulikia kijiji, aitwaye Babinsa, na polisi, ambao walitengwa na jeshi mwaka 1999, wana afisa wao wa kuongea na wananchi. Tangu mwaka 1980 jeshi hilo limekuwa pia na mpango wa kuwapeleka askari vijijini kutengeneza barabara na madaraja bega kwa bega na wakulima.

MASHAKA YA SIKU HIZI

Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliyaandika mashamba ya subak, Jatiluwih ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Sifa hiyo imeleta fedha, na imeleta mashaka pia. Watalii huja kwa wingi kutazama mashamba, lakini hotelini kijana hupata mshahara wa mwezi, ilhali shambani hungoja miezi sita. Bei ya ardhi imepanda, na katika sehemu nyingi za Bali mashamba yamegeuzwa kuwa majengo. Kila shamba linalojengwa hukata mfereji wa wale walio chini yake.

Hata hivyo utalii si ghala ya kutegemewa. Mabomu yalipolipuka Kuta tarehe 12 Oktoba 2002 na kuua watu 202, wageni walitoweka. Walitoweka tena mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka ya dunia. Wengi waliopoteza kazi walirudi vijijini kwa wazazi wao. Waliobakiwa na shamba walikuwa na cha kulima. Waliouza walibaki na picha yake.

Basi, wasomaji, katika kambi zetu na vijiji vyetu pia liko bomba moja linalongojewa na nyumba nyingi, na uko mfereji mmoja unaopita katika mashamba ya watu wasiopatana. Watu wa Jatiluwih hawakungoja wapendane kwanza ndipo wagawane. Waliweka zamu, wakaandika faini, wakachagua mtu wa kusimamia, na mapatano yakaja nyuma ya utaratibu. Huo ni mwanzo ambao kila mtaa unaumudu.