Mwizi wa Umeme katika Motakaa

Motakaa haiamki kwa petroli peke yake. Dereva akizungusha ufunguo, umeme hutoka kwanza katika betri, ukaizungusha stata, nayo stata ikaizungusha injini mpaka moto ushike. Betri ikiwa tupu, hata petroli ikijaa tangi haifai kitu.

Betri ni sanduku lenye vyumba sita. Ndani ya kila chumba mna bamba za risasi, zilizozama katika maji yaliyochanganywa na tindikali. Mfaransa aitwaye Gaston Planté ndiye aliyeibuni betri ya namna hii mwaka wa 1859, na hata leo motakaa nyingi huitumia, ingawa imetengenezwa vizuri zaidi. Kila chumba hutoa nguvu ya volti 2 na kidogo. Vyote sita pamoja, betri ikiwa imejaa na kutulia, hutoa volti 12.6 hivi. Kipimo kikionyesha 12.2, yapata nusu ya umeme imekwisha. Na kikishuka chini ya 12, betri i karibu kuwa tupu.

Betri yafanana na mtungi wa maji. Mtu akiukuta mtungi mtupu alfajiri, sababu ni moja katika tatu: ama mtungi una ufa, ama haukujazwa jana, ama yuko aliyechota usiku. Mwenye akili huuliza kwanza ni ipi, kabla hajaenda sokoni kununua mtungi mwingine.

Palikuwa na dereva mmoja wa motakaa ya zahanati, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapeleka wagonjwa hospitali. Alfajiri moja aliletwa mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Dereva akazungusha ufunguo, lakini injini haikuzunguka. Ilisikika tiki moja tu, kisha kimya. Watu wakaisukuma motakaa hata kwenye mteremko, injini ikashika, na mama akafika salama. Lakini saa nzima ilikuwa imepotea. Siku ile ile dereva akanunua betri mpya kwa fedha nyingi. Asubuhi ya pili nayo ikawa tupu! Ndipo alipoitwa fundi mzee.

Fundi hakufanya haraka. Kwanza aliitoa betri, akaitia umeme mpaka ikajaa, akaiacha peke yake usiku kucha bila waya. Asubuhi kipimo kilionyesha volti 12.6. Basi mtungi haukuwa na ufa.

Kisha aliirudisha betri mahali pake, akaamsha injini na kupima tena. Kipimo kikaonyesha volti 14.2. Injini ikizunguka, altaneta huijaza betri, na kipimo chake hakina budi kuwa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Basi mtungi ulikuwa ukijazwa vema.

Sababu iliyobaki ni moja tu: yuko mchotaji wa usiku. Fundi akazima injini na kila kitu, akafunga milango, akafungua waya wa upande wa hasi, akakiweka kipimo cha ampia kati ya waya ule na betri, ili umeme wote utokao upite ndani yake. Akangoja nusu saa, kwa maana motakaa za siku hizi zina kompyuta ndogo ambazo hazilali mara moja. Kipimo kikaonyesha ampia 3.5. Motakaa iliyolala yapasa kutumia chini ya ampia 0.05, ya saa na ya kumbukumbu za kompyuta. Hesabu yake ni nyepesi: ampia 3.5 kwa saa 12 za usiku ni 42, na betri ile ilikuwa ya 60 tu. Kilichobaki hakikutosha kuizungusha injini.

Fundi akafungua sanduku la fyuzi, akazitoa moja moja, akikitazama kipimo kila mara. Alipoitoa fyuzi ya taa za breki, kipimo kikashuka ghafula mpaka 0.03. Akairudisha, akaenda nyuma ya motakaa; na tazama, taa mbili nyekundu zilikuwa zikiwaka! Motakaa ililazwa bandani, nyuma yake karibu na ukuta, na mlango ulifungwa kabla ya giza. Kwa hiyo hakuna aliyeziona.

Dereva alipokuwa hakanyagi breki, kipande kidogo cha mpira penye pedeli kilipaswa kuibonyeza swichi, ili taa zizimike. Mpira huo ulikuwa umechakaa na kumeguka, na makombo yake yalikuwa chini miguuni pa dereva. Fundi akatia mpira mpya, mdogo kama kifungo cha shati. Asubuhi iliyofuata injini ikaamka mara moja. Hata betri ya kwanza, ilipojazwa na kupimwa, ilionekana nzima, ila kuisha mara kwa mara hupunguza umri wa betri.

Ajaribuye kazi hii na awe na hadhari. Betri ikijazwa hutoa hewa ya hidrojeni iwezayo kulipuka. Basi moto usikaribie. Tindikali huunguza ngozi na macho. Ikimwagika mwilini, ioshwe upesi kwa maji mengi. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza, na kufungwa mwisho. Tena injini isiamshwe wakati kipimo cha ampia kipo njiani, kwa maana umeme wa stata ni mwingi mno, nao utakiunguza.

Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza pia. Dereva yule alilipa bei ya betri nzima kwa kosa la kipande cha mpira, kwa sababu alinunua kabla ya kutafuta.