Makaratasi ya Wayahudi wa Vilnius: vita viliyatenganisha, intaneti imeyakutanisha

Kurasa milioni 4 na laki moja za vitabu, barua na dosiye za Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki zinasomeka leo bila malipo kwenye intaneti. Kuzipiga picha, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kulichukua miaka saba, kuanzia 2015 hadi Januari 2022, na kuligharimu dola milioni 7 za Marekani. Lakini makaratasi yenyewe hayakuhamishwa. Sehemu moja imebaki Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, na sehemu nyingine iko New York. Pande mbili zilizovutana kwa miaka mingi kuhusu nani mwenye mali zilikubaliana juu ya jambo moja: kila upande ubaki na ulichonacho, lakini wasomaji wayaone yote pamoja.

Kwa nchi kama Kongo, ambayo sehemu kubwa ya historia yake imeandikwa kwenye makaratasi yaliyo mbali na wakaaji wake, habari hii inastahili kufuatwa kwa karibu.

Shirika lililokusanya kila kitu

Mwaka 1925, wasomi wa Kiyahudi walianzisha YIVO, taasisi ya kuchunguza maisha ya Wayahudi na lugha yao, Kiyidish. Makao yake yalikuwa Vilnius, mji ambao wakati ule ulikuwa chini ya Poland na uliitwa Wilno. Wayahudi wenyewe waliuita Yerusalemu ya Lithuania, kwa sababu ya wingi wa shule, sinagogi na maktaba zake.

YIVO haikungoja maprofesa peke yao. Iliomba watu wa kawaida, walimu, mafundi na wanafunzi, wakusanye kila kilichowazunguka: hadithi za wazee, nyimbo za harusi, matangazo ya tamthilia, vitabu vya kumbukumbu za jumuiya, hata tikiti na vipeperushi vya uchaguzi. Iliandaa pia mashindano ya vijana kuandika maisha yao wenyewe, na zaidi ya vijana 600 walituma maandishi. Kwa hiyo ghala la YIVO lilijaa sauti za watu ambao kwa kawaida hakuna mwandishi wa historia anayewauliza kitu.

Makaratasi chini ya nguo

Wajerumani waliingia Vilnius mwezi wa Juni 1941. Wayahudi walifungiwa katika geto, na maelfu kwa maelfu walipigwa risasi katika msitu wa Ponary, kando ya mji. Wanazi walitaka pia vitabu. Kikosi maalumu cha uporaji kiliamuru sehemu, karibu asilimia 30, ipelekwe Ujerumani kwa taasisi iliyodai kuchunguza "tatizo la Wayahudi". Iliyobaki ilipaswa kwenda kwenye kiwanda kusagwa na kugeuzwa karatasi mpya.

Kwa kazi hiyo ya kuchambua, Wajerumani walitumia Wayahudi wenyewe: watu karibu 40, walioitwa baadaye Brigedi ya Karatasi. Miongoni mwao walikuwa mkutubi Herman Kruk, mtaalamu Zelig Kalmanovich, na washairi Avrom Sutzkever na Shmerke Kaczerginski. Mchana walipanga vitabu chini ya macho ya mabwana wao. Jioni, waliporudi geto, walificha barua na maandishi chini ya nguo wakapita nayo mbele ya askari. Sutzkever alipata hata kibali cha kuchukua makaratasi "yasiyo na kazi" ya kuwashia majiko, na kwa kibali hicho akapitisha hazina. Makaratasi yalifichwa ndani ya kuta na katika mahandaki chini ya ardhi. Ona Šimaitė, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Vilnius ambaye hakuwa Myahudi, alisaidia kuyaficha nje ya geto.

Wengi wa brigedi hawakuuona mwisho wa vita. Kruk na Kalmanovich walikufia katika kambi za Estonia. Sutzkever na Kaczerginski walitorokea msituni, wakajiunga na wapiganaji, na Julai 1944, Wajerumani walipofukuzwa, walirudi kufukua walichoficha. Katika Lithuania, zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi waliuawa.

Kuokolewa mara ya pili

Washairi hao walianzisha jumba la makumbusho ya Kiyahudi, lakini serikali ya Kisovieti haikulitaka, na ililifunga mwaka 1949. Kabla ya hapo, sehemu ya makaratasi ilikuwa imepitishwa kwa siri nje ya nchi hadi New York, ambako YIVO ilikuwa imehamishia makao yake tangu 1940. Sehemu iliyoporwa na Wanazi iligunduliwa Ujerumani na jeshi la Marekani, nayo ilirudishwa kwa YIVO huko New York mwaka 1947.

Iliyobaki Vilnius ilikuwa katika hatari ya kuharibiwa kwa mara ya pili. Aliyeizuia ni Mlithuania Antanas Ulpis, mkurugenzi wa taasisi ya serikali ya kutunza vitabu, ambayo ghala lake lilikuwa katika kanisa la zamani la Mtakatifu George. Ulpis aliingiza makaratasi ya Wayahudi humo na kuyachanganya na mengine. Alifariki mwaka 1981. Siri yake ilijulikana hadharani mwishoni mwa miaka ya 1980, utawala wa Kisovieti ulipoanza kulegea.

Nani mwenye mali?

Hapo ugomvi ukaanza. YIVO ilisema: haya ni makaratasi yetu, tuliyakusanya sisi, na watu wetu waliyafia. Lithuania, iliyokuwa imetoka kupata uhuru wake, ilisema: haya ni urithi wa nchi hii, na Mlithuania ndiye aliyeyaokoa. Katikati ya miaka ya 1990, sehemu yake ilipelekwa New York kunakiliwa, kisha ikarudishwa Vilnius. Mzozo haukumalizika.

Mpango wa 2015 haukutoa hukumu. YIVO iliungana na Hifadhi Kuu ya Nyaraka ya Lithuania, Maktaba ya Taifa ya Martynas Mažvydas, na Maktaba ya Wroblewski ya Chuo cha Sayansi. Kila mmoja alifungua masanduku yake.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kabla ya kupiga picha, karatasi husafishwa, hunyooshwa, na zilizoraruka hutengenezwa. Kisha huja sehemu ngumu zaidi: kuandika maelezo ya kila kitu, yaani nani aliandika, lini, wapi na kuhusu nini. Mji mmoja unaweza kuwa na jina la Kiyidish, la Kipolandi, la Kirusi na la Kilithuania. Bila maelezo hayo, picha milioni nne ni kama ghala lisilo na taa: kitu kipo, lakini hakuna anayekiona.

Kufungua masanduku kulileta pia mambo yasiyotazamiwa. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba kurasa 170,000 nyingine zimepatikana Vilnius. Ndani yake mlikuwa na mashairi ambayo Sutzkever aliandika kwa mkono wake katika geto, na simulizi ya maisha ya Beba Epstein, mwanafunzi wa darasa la tano aliyeandika kuhusu familia yake na shule yake miaka ya 1930. Ikajulikana kwamba Beba aliokoka na kuhamia Marekani. Leo daftari lake limekuwa msingi wa maonyesho kwenye intaneti.

Na kwetu Kongo?

Nyaraka za utawala wa kikoloni wa Kongo ziko kwa wingi Brussels. Makaratasi ya Henry Morton Stanley yanahifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren. Sheria ambayo Ubelgiji ilipitisha Julai 2022 kuhusu kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni haihusu nyaraka. Kwa maneno mengine, kwa sasa kinachoweza kutolewa kirahisi kwa Wakongomani ni nakala.

Mfano wa Vilnius unaonyesha kwamba nakala si kitu kidogo. Mjukuu wa mtu aliyeuawa Ponary anaweza kuona barua ya babu yake bila kuomba viza wala kulipa tikiti ya ndege. Unaonyesha pia mipaka yake. Nakala haikumaliza swali la nani mwenye mali, na makubaliano yaliwezekana kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na kitu mkononi. Mwenye kupokea picha tu, bila sauti katika kuandika maelezo na bila kuchagua nini kitangulie, anabaki mgeni katika historia yake mwenyewe.

Jambo lingine halihitaji dola milioni 7. Brigedi ya Karatasi iliokoa kilichokuwa kimekusanywa tayari na watu wa kawaida. Katika parokia, shule na ofisi za eta sivili za mashariki ya Kongo, mna madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya vizazi ambayo hayana nakala yoyote. Vita, moto na mchwa havingoji mradi. Picha ya simu iliyopigwa vizuri, yenye tarehe na jina la mahali, na kuhifadhiwa sehemu mbili tofauti, ni mwanzo ambao kila katibu wa parokia anaweza kuufanya wiki hii.