Programu ya bajeti na pesa isiyoiona: kijana wetu Southall

Ukishuka stesheni ya Southall, magharibi ya London, ambako kibao cha stesheni kimeandikwa kwa Kiingereza na Kipunjabi, hufiki mbali kabla mkono haujaingia mfukoni. Barabara ya Broadway ina jalebi za moto, maduka ya dhahabu, vitambaa vya harusi. Wazazi mlioko Muscat au Dubai wenye mtoto anayesoma Chuo Kikuu cha Brunel, hapo jirani Uxbridge, mnaujua mtaa huu kwa nyama ya halali na mchele mzuri. Ndiko pia pesa ya mwezi inakoishia tarehe 17.

Siku hizi dawa inayotajwa ni programu ya bajeti kwenye simu, kama Emma au Snoop. Tangu Januari 2018 benki kubwa za Uingereza zinalazimika kuziruhusu programu hizi zisome akaunti, mteja akikubali. Neno la siri hapewi mtu; kijana anatoa idhini kupitia benki yake mwenyewe. Kabla ya kuunganisha, atafute jina la kampuni kwenye orodha ya FCA, msimamizi wa mambo ya fedha. Halimo? Aachane nayo.

Faida ipo, tena kubwa. Kahawa ya pauni 4 haiumi, lakini programu ikikuonyesha siku 20 ni pauni 80, unashtuka.

Shida ni pesa taslimu. Akitoa pauni 100 kwenye mashine, programu inaandika ametoa pauni 100, basi. Pengine amenunua nyama. Pengine amepeleka kwenye mchezo, ule ambao Wasomali wa Southall wanauita hagbad au ayuuto. Hapo hesabu inapinduka: akiba inasomeka kama matumizi, na kijana mwenye nidhamu anaonekana mfujaji.

Na riali je? Riali ya Oman imefungwa kwa dola, riali 1 kwa dola 2.60, tangu 1986. Pauni haikufungwa. Baba anatuma riali zile zile kila mwezi, pauni zinazofika zinapanda na kushuka, na bajeti aliyoipanga kijana mwezi uliopita haitoshi. Bora mpange kwa pauni, kisha ndiyo mpige hesabu ya riali.

Kuna wazazi wanaodai picha ya skrini kila Ijumaa. Mimi siafiki. Kijana akijua anachunguzwa, kila anachotaka kukificha atakilipa taslimu, na picha itakuja safi kabisa, haina maana yoyote. Muulizeni kwa simu amebakiwa na ngapi, na zamu yake ya mchezo ni lini.

Jambo la mwisho: programu hufungwa. Mint, iliyotumiwa na mamilioni Marekani, ilifungwa 2024. Daftari dogo la taslimu na la mchezo liwepo kando ya simu. Linauzwa hapo hapo Broadway.