Upofu Unaozuilika Handeni na Korogwe

Tunapozungumza na kamati za parokia juu ya afya ya macho, ombi la kwanza huwa ni miwani. Miwani ina kazi yake, lakini haizuii magonjwa yanayopofusha, na magonjwa hayo hutofautiana kwa kadiri ya mahali.

Handeni ni kukavu. Kiangazi malambo yakikauka, maji ya dumu huwa ya kunywa na kupikia tu, na uso wa mtoto husubiri. Vikope, yaani trakoma, hupenda hali hiyo. Vijidudu vyake husambazwa na vidole, kanga ya kufutia uso na nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ukubwani kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza kioo cha jicho hadi kiweke kovu. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kuosha nyuso za watoto, pamoja na kuwapa dawa, hupunguza vikope vikali. Maji mengi hayahitajiki. Kibuyu chirizi kimoja mlangoni mwa darasa kinatosha kuanzia.

Korogwe maji yapo, na adui hutoka mtoni. Usubi, inzi mdogo mweusi, huzaliana katika mito ya kasi inayoshuka Usambara. Viluwiluwi vyake hujishikiza kwenye kaa wa mtoni. Akiuma huambukiza minyoo, ambayo vizazi vyake huwasha ngozi na baada ya miaka huweza kudhuru macho. Dawa ya Mectizan imekuwa ikitolewa bure na watengenezaji tangu 1987. Haiui minyoo mikubwa, ndiyo sababu mgawa dawa hurudi tena na tena, na asiyewashwa pia aimeze. Tangazo baada ya ibada husaidia sana hapa.

Linalotusumbua zaidi, pande zote mbili, ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho hupata ukungu, na hakuna dawa ya matone wala ya mitishamba inayouondoa. Baadhi ya dawa za kienyeji huunguza kioo cha jicho na kuharibu hata kilichobaki. Tiba ni operesheni fupi: lenzi hutolewa na kuwekwa ya bandia. Lakini toka kijijini hadi Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi, pana nauli ya watu wawili, chakula na malazi. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba wazee wengi hawapendi kuwaomba watoto wao msaada huo, wakiogopa kuwa mzigo, na akina mama ndio huachwa nyuma zaidi. Bartimayo alipaza sauti ingawa watu walimkaripia. Bibi zetu hunyamaza, wakisema ni uzee tu. Mara nyingi anayemshika bibi fimbo ni mjukuu ambaye angekuwa shuleni.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zipite kila jumuiya, na kwa majirani Waislamu pia, ziorodheshe wasioona vizuri, na kutafuta msindikizaji kwa kila mmoja. Pale familia inapositasita, mpelekeni mzee aliyekwisha kupasuliwa akazungumze nao. Anasikilizwa kuliko sisi. Wafadhili tunawaomba wachangie nauli, kwenda na kurudi, pamoja na safari ya pili ya kukaguliwa jicho.