KUPANDA KILIMA NA MWENZAKO

Sisi watu wa Runazi tunapanda vilima tangu utoto. Tunatafuta kuni, tunafuata ng'ombe aliyepotea, au tunakwenda kumwona mgonjwa kijiji cha pili. Lakini kupanda kilima ili kutazama nchi tu, kwenda asubuhi na kurudi jioni, wengi husema hiyo ni kazi ya watalii. Mimi sikubali. Nchi ni yako. Kwa nini wageni waione, nawe usiione?

Fikiria vilima vya Ngara. Juu kuna nyasi na upepo, chini mabondeni kuna mafunjo. Upande wa Rusumo, mto Ruvubu unatoka Burundi na kuingia katika mto Kagera. Kisha maji huanguka kwa kishindo kwenye maporomoko na kuendelea na safari yake mpaka Ziwa Victoria. Ng'ambo ni Rwanda. Hapo pana daraja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka hapo kwa muda wa saa 24 hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Wengi walikaa Benaco. Watu wote hao walihitaji kuni za kupikia, na miti mingi ilikatwa vilimani. Ukipanda na mzee aliyeyaona mambo hayo, atakuonyesha kwa kidole: pale palikuwa na mahema, pale palikuwa na msitu. Darasani hutajifunza hivyo.

Lakini usipande peke yako. Siku moja mimi na mwenzangu tulipanda kilima kimoja cha huko. Tulipokaribia kilele, aliteleza juu ya jiwe na kuteguka kifundo cha mguu. Kilele tulikiona kwa macho! Tukageuka. Tulimfunga mguu kwa kitambaa, akashika fimbo mkono mmoja na bega langu mkono wa pili. Tulikuwa tumepanda kwa saa mbili. Kushuka kulichukua saa nne. Kama angekuwa peke yake, usiku ungemkuta kwenye nyasi. Tena tulikuwa na kosa letu: hatukumwambia mtu yeyote nyumbani tunapita njia gani. Basi wewe sema kabla ya kuondoka. Usitegemee simu ya mkononi tu, maana bondeni mara nyingi haishiki mtandao.

Chukua maji yaliyochemshwa, ya kutosha siku nzima. Maji ya kijito yanaweza kuonekana safi na bado yakakuumiza tumbo. Chukua viazi au mihogo iliyochemshwa, na ndizi. Vaa viatu vinavyoshika ardhi. Katambuga zilizolika soli zitakuangusha, hasa wakati wa kushuka. Beba pia sweta, kwa maana kila ukipanda meta 1,000 baridi huongezeka kwa digrii sita hivi.

Ondoka mapema. Kwetu jua hutoka na kuchwa karibu na saa moja mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Likishachwa, giza huingia upesi. Kwa hiyo mkubaliane na mwenzako kabla ya kuanza: ikifika saa sita mchana, mnageuka, hata kama hamjafika juu. Mwenye mwendo wa polepole atangulie, na mwenye mbio afuate. Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo watu hupotezana.

Mvua nayo ina hatari yake. Hatari kubwa ni radi. Ukiona umeme, hesabu polepole mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ikiwa hukufika 30, radi iko karibu. Shukeni mara moja. Msisimame kileleni, wala chini ya mti ulio peke yake.

Kugeuka si aibu. Mwaka 1889 Hans Meyer wa Ujerumani na mwenzake Ludwig Purtscheller wa Austria walipanda Kilimanjaro. Tarehe 3 Oktoba walifika kwenye ukingo wa juu wa Kibo, lakini walikuwa wamechoka sana. Walishuka kambini wakapumzika. Tarehe 6 walipanda tena, wakafika kileleni.

Jambo jingine. Tangu 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yamekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Humo kuna nyati na wanyama wengine wakali. Usiingie bila kibali, hata kama babu yako alikuwa akipita humo.

Sasa chukua daftari lako. Andika jina la kilima kilicho karibu na kwenu. Andika mtu utakayepanda naye, na mtu utakayemwachia habari nyumbani.