Wanafunzi wa Sheria na Darasa la Barazani

Mtu akitaka kuwa fundi wa jahazi hapewi kitabu. Hupelekwa kwa fundi, akachota maji, akasokota pamba ya kalafati, akatumwa huku na kule, ndipo siku moja akakabidhiwa tezo. Daktari naye hatoki chuoni kabla ya kuzunguka vitandani mwa wagonjwa. Lakini mwanasheria wa Afrika Mashariki, kwa miaka mingi, aliweza kuhitimu chuo kikuu bila ya kukaa uso kwa uso na mtu mmoja aliyedhulumiwa. Alisoma kesi za Uingereza, akakariri majina ya majaji waliokufa zamani, akapewa shahada.

Mambo hayo yameanza kugeuka, ingawa kwa mwendo wa kobe. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, ambacho ndicho cha kwanza katika Afrika Mashariki, kilifunguliwa 1961. Cha Nairobi kikafuata 1970. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wanafunzi walianza kutumwa katika shule za sekondari kuwafundisha vijana sheria za maisha ya kila siku: kukamatwa na polisi, kupanga nyumba, kukopa. Wakaita masomo hayo sheria ya mtaani. Kutoka huko mbegu ilifika Durban katikati ya miaka ya themanini, wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, pale ambapo kumwambia kijana Mwafrika kwamba ana haki lilikuwa jambo la kuhatarisha. Hapa Kenya, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inavihesabu vyuo vikuu vyenye vituo vya msaada miongoni mwa wanaoweza kumsaidia mwananchi asiye na fedha ya wakili.

Basi mwanafunzi akitumwa mtaani hapa Pwani, hujifunza nini? Tutoe mfano wa Majengo, Mombasa, kwenye nyumba zisizo na ardhi. Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa, lakini kijana aliyezaliwa bara hushangaa: nyumba ni ya bibi huyu, ardhi ni ya mwingine, na bibi hulipa kodi ya ardhi kila mwezi kama walivyolipa wazazi wake. Darasani amefundishwa kanuni ya Kiingereza kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Barazani anaikuta desturi inayokitenga kiwanja na nyumba, desturi ambayo hata majaji wa Mombasa wamelazimika kuizungumza katika hukumu zao.

Mwenye ardhi akauza. Mnunuzi mpya akaleta barua ya kutaka watu watoke. Kijana wetu anakumbuka somo la miaka 12: aliyekalia ardhi ya mtu muda huo waziwazi, bila ya idhini ya mwenyewe wala kufukuzwa, aweza kuidai iwe yake. Anafurahi, anauliza, "Bibi, mmekaa hapa miaka mingapi?" "Hamsini, mjukuu wangu." Kisha bibi anaingia ndani, anatoka na kopo la biskuti lililojaa stakabadhi za kodi, tangu enzi za baba yake. Anazitoa kwa fahari, maana ndizo heshima yake, hajawahi kudaiwa. Na ni stakabadhi hizo hizo zinazolibomoa dai la miaka 12, kwa kuwa anayelipa kodi amekaa kwa idhini. Walakini ndizo pia ushahidi kwamba yeye si mvamizi, kwamba yupo pale kwa mapatano, na kwamba nyumba ni mali yake ambayo haiwezi kubomolewa hivi hivi kama banda la kuku. Ni mtihani gani wa chuo ungaliweza kumfunza jambo hili kwa dakika kumi?

Akiuliza zaidi ardhi ile ilipataje mwenyewe, atafika kwenye sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka watu wa ukanda wa maili kumi wapeleke madai yao. Isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua kusoma matangazo ya serikali na kulipa gharama walipeleka. Wengi wa Wamijikenda, na Waswahili wasio na nguvu, hawakupeleka. Sheria yenyewe ilifutwa 2012, lakini hati zilizotokana nayo zingali kabatini mwa watu.

Jambo la pili ni mirathi, na hapa kosa la mwanafunzi laweza kuvunja jamaa. Kitabu chake cha urithi kinasema kwamba mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani, na mali iliyobaki huitumia maisha yake yote, kisha watoto wakagawana sawa. Kifungu kilichoongezwa 1990 kimewatoa Waislamu katika mgawanyo huo. Ikiwa marehemu ameacha mke, mwana mmoja na binti wawili, na wazazi wake wameshatangulia mbele ya haki, basi baada ya maziko, madeni na wasia, mali huwa mafungu 32: mke 4, mwana 14, na kila binti 7. Mtoto wa chuo cha Qur'ani aliyefikia somo la faraidhi huifanya hesabu hii kwa vidole. Mwanafunzi wa chuo kikuu huenda anaisikia mara ya kwanza kwa mwalimu wa msikitini, na sioni aibu yoyote katika hilo. Linalompasa yeye kulijua, na ambalo mwalimu huenda halijui, ni mpaka wa mahakama: kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, Kadhi husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Ugomvi wa hati na mnunuzi asiye Mwislamu utakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mjane akielekezwa mlango usio wake, atapoteza miezi na nauli.

Nami kwa kuwa ni mtu wa maneno, niseme juu ya lugha. Neno wakili hatukulipata kwa Waingereza. Bibi yetu alilijua siku ya nikaha: ni yule uliyemkabidhi jambo lako. Kwa hiyo kijana akikaa naye barazani, yeye humwona ni wakili kamili, na ni wajibu wa kijana kusema mapema kwamba hana ruhusa ya kusimama mahakamani, kwamba kazi yake ni kusikiliza, kuandika na kueleza chini ya uangalizi wa mwalimu aliye wakili. Kisha aeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka. Akisema hati ya kiapo, aongeze kuwa ni maneno unayoyaapia, na ukidanganya utashitakiwa. Nimewasikia vijana, wengine wazaliwa wa hapa hapa, wakishindwa kusema sentensi moja ya sheria bila ya Kiingereza. Sheria ya Ardhi yenyewe inataka anayedaiwa kukalia ardhi ya mtu bila ya haki apewe notisi ya maandishi ya si chini ya miezi 3, kwa lugha ya taifa na rasmi. Kiswahili ndicho lugha ya taifa.

Lililo zito zaidi ni kalenda. Muhula ukiisha mwanafunzi hurudi kwao, na faili hubaki mezani. Miezi 3 ya notisi haisimami kwa sababu chuo kimefungwa. Chuo kinachotaka kufanya kazi hii hapana budi kiwe na mtu wa kudumu, mwenye mshahara, anayejua kila faili imefika wapi na siku ya mwisho ya kila kesi ni lini. Na kabla mwanafunzi hajaondoka, ampeleke bibi kwa atakayempokea, awatambulishe kwa majina, na kopo la stakabadhi arudishiwe mwenyewe, zikiwa zimehesabiwa na kunakiliwa.