Maua ya Udongo Kwenye Handaki la London

Tarehe 17 Julai 2014, ua la kwanza lilichomekwa ndani ya handaki kavu linalouzunguka Mnara wa London. Lilikuwa ua la popi, jekundu, la udongo wa kufinyanga, limesimama juu ya ufito wa chuma. Likafuata la pili, la mia, la elfu. Kufikia Novemba 11 handaki zima lilikuwa jekundu: maua 888,246, moja kwa kila mwanajeshi wa Uingereza na makoloni yake aliyehesabiwa kufa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Aliyeyabuni ni Paul Cummins, mfinyanzi wa Derby. Tom Piper, mbunifu wa majukwaa ya michezo ya kuigiza, ndiye aliyeyapanga yamwagike kutoka dirisha la Mnara na kujipinda juu ya daraja kama wimbi.

Ua moja lilizaliwaje? Udongo ulisukumwa ukatandazwa kama chapati, petali zikakatwa, zikapangwa moja juu ya nyingine, kisha vidole vikakunja kingo zake. Likaachwa likauke, likachomwa, likapakwa rangi nyekundu inayong'aa kama kioo, likarudishwa tanurini. Kwa kuwa kila moja lilipita mikononi mwa mtu, hapakuwa na mawili yaliyolingana kabisa. Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii. Plastiki ingetoa maua laki nane yanayofanana. Udongo ulimpa kila marehemu umbo lake.

Kuuweka udongo nje, hata hivyo, si jambo jepesi. Mtungi wa maji hutoa jasho, na ndiyo maana maji yake ni baridi: una matundu madogo mno yanayopitisha maji. Sifa hiyo ya jikoni ni balaa uwanjani kwenye nchi za theluji, kwani maji yakiganda ndani ya matundu hutanuka na kuupasua udongo. Wafinyanzi wanaotaka sanamu zao zikae nje miaka mingi huzidisha moto hadi udongo ukaze, ukaribie kuwa jiwe.

Watu wapatao milioni 5 walikwenda kuyaona. Kila jioni majina ya waliokufa yalisomwa kwa sauti pale handakini. Kisha maua yakang'olewa na mengi yao kupelekwa kwa walioyanunua, pauni 25 kila moja, na sehemu ya fedha ikaenda kwa mashirika sita ya hisani. Wako waliolalamika kwamba uzuri wake ulificha unyama wa vita, na kwamba waliokufa upande wa pili hawakupewa ua hata moja.

Afrika Mashariki nayo ina dai lake. Wapagazi waliolibebea mizigo jeshi la Uingereza dhidi ya Wajerumani walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu, na wengi hawakuandikwa majina popote. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutowakumbuka ipasavyo Waafrika na Waasia waliokufa katika vita hivyo. Wakati huo maua ya London yalikuwa yameshang'olewa zamani, mengi yamesimama kwenye kabati na madirisha ya watu.